Kila Badiliko Liwe na Namba ya Hoja Yake
(Maelezo kwa wajumbe wa Bodi na makarani wa vyama vya msingi, Same)

Karani akifuta tarakimu katika leja bila kuonyesha hati iliyomruhusu, mkaguzi humwuliza sababu papo hapo. Lakini programu ya kompyuta inayokokotoa malipo ya wakulima ikibadilishwa, ni nadra swali hilo kuulizwa. Hapo ndipo penye hatari.

Chukueni mfano. Mkulima wa kahawa ameshuka mlimani na gunia lake. Mizani inasoma kilo 48.6, stakabadhi ya kompyuta inaandika 48. Analalamika, na fundi wa programu anasahihisha. Mwaka wa pili fundi mwingine anayakuta masahihisho hayo, haoni maana yake, anayaondoa. Gramu za wakulima zinaanza kupotea upya, wala hakuna aliyekusudia kuiba.

Watunga programu wanayo dawa ya jambo hili. Hutunza madaftari mawili. La kwanza ni la hoja: kila kasoro au ombi hupewa namba yake. La pili ni la mabadiliko: huonyesha nani amebadili nini, na lini. Siku hizi wengi hulitunza daftari hili kwa programu iitwayo Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kiungo cha madaftari hayo ni kidogo tu: anayebadili huandika namba ya hoja pamoja na badiliko lake, kwa mfano, "Hoja 112: desimali za uzito zisikatwe." Atakayekuja baadaye huifuata namba hiyo hadi kwenye lalamiko lenyewe.

Hata hivyo, namba peke yake haitoshi. Hoja isiyoeleza tatizo ni sawa na muhtasari wa kikao usio na maazimio. Tena hoja isifungwe kwa sababu fundi amemaliza kazi. Ifungwe baada ya karani kupima na kuona stakabadhi inalingana na mizani.

Jambo hili si geni Upare. Maji ya ndiva hufunguliwa kwa zamu, na mwenye zamu hujulikana.

Basi Bodi inapoandikiana mkataba na mtunga programu, iweke masharti mawili: pasiwe na badiliko lisilo na namba ya hoja, na madaftari yote mawili yawe mali ya chama. Fundi huondoka; jasho la mkulima halina budi kubaki na ushahidi wake.