Hotuba kwa Wahitimu wa Kozi za Afya, Sinza



Wahitimu, honi na vigelegele vyenu vimeisimamisha Barabara ya Shekilango tangu asubuhi, na ni haki yenu. Nimepewa dakika chache. Nitazitumia kuzungumzia nzige.

Mapema mwaka 2021 nzige wa jangwani waliingia Mwanga, Kilimanjaro. Mdudu huyu hupiga mbawa takriban mara 20 kwa sekunde. Nani anampangia mapigo hayo? Wengi waliamini kwamba kila pigo huamshwa na taarifa ya pigo lililotangulia. Mwaka 1961 mtafiti Donald Wilson alizikata neva zinazopeleka taarifa hizo kutoka kwenye mbawa. Mdundo haukukoma, kwa kuwa chanzo chake kimo ndani, kwenye neva za kifuani. Tayari mwaka 1911 Thomas Graham Brown alikuwa ameonyesha kwa paka kwamba uti wa mgongo uliotenganishwa na ubongo unaweza wenyewe kupishanisha hatua.

Lakini nzige wa Wilson walibaki na karibu nusu tu ya kasi yao. Mdundo wa ndani ulitosha kupiga mbawa. Kasi kamili ilihitaji taarifa kutoka kwenye mbawa zenyewe.

Mtalikuta jambo hili wodini. Mgonjwa wa kiharusi anayejifunza upya kutembea anahitaji unyayo wake ukanyage chini, kwa usalama na chini ya uangalizi, ili taarifa zirudi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Hali yake ikiruhusu, msimwache alale tu kwa sababu wodi ina kazi nyingi.

Nanyi wenyewe mko hivyo hivyo. Hapa chuoni mmejengewa mdundo: kunawa mikono, kupima presha, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtayafanya hayo hata mkiwa mmechoka. Ila mama anayesema mtoto wake leo hanyonyi kama jana, na muuguzi mkongwe anayewaambia mrudie kipimo, hao ndio taarifa zenu. Mkiwapuuza, mikono itaendelea kufanya kazi, lakini huduma itapungua.

Wahitimu, shikeni mlichofundishwa, na msikilizeni mgonjwa kabla hamjamaliza kuandika faili lake. Hongereni sana.