Karani Mdogo wa Nyumba: Kompyuta na Usalama wa Mtandao kwa Mtoto wa Piana-Mwanga



Nianze na mama mmoja muuza ndagala, hapa Kalemie. Simu yake ililia akiwa anampimia mteja. Alimwita binti yake wa darasa la tano: "Nisomee." Ujumbe ulikuwa wa Kifaransa: umeshinda zawadi, bonyeza namba hizi, kisha weka kode yako ya siri. Binti alitafsiri bila kukwama, akabonyeza, akaweka kode. Aliijua kwa kichwa, maana kila siku ndiye anayeiweka. Mtaji wa wiki nzima ukaenda. Jioni mtoto akapigwa.

Niliumia sana kwa kile kipigo. Mtoto alisoma sawasawa, akatii, na hakuna mwalimu, mimi nikiwemo, aliyewahi kumwambia kwamba ujumbe unaweza kusema uongo.

Nyumba zetu nyingi zina simu moja, na karani wake ni mtoto. Ndiye asomaye, ajibuye, ahesabuye salio. Vitabu vya Ulaya humhofia mtoto aliyejifungia chumbani na kompyuta yake peke yake. Wa kwetu anakaa katikati ya watu wazima, na wote wanamtegemea.

Naambiwa: mwalimu, kompyuta bila umeme? Na jina la Piana-Mwanga, kwao watoto ninaowasemea, linajulikana kwa umeme. Kituo chenye jina hilo kilijengwa kwenye mto Luvua miaka ya 1930, kuulisha mgodi wa bati wa Manono. Mashine zilizunguka kwa ajili ya bati. Daftari la mtoto wa kijijini liliendelea kusomwa kwa kibatari. Tukingoja waya ndipo tufundishe, kizazi kingine kitapita.

Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba sayansi ya kompyuta inafundishika bila kompyuta yenyewe, kwa kadi na chaki. Sisi tunaziiga taa za wavuvi. Nimesimamisha watoto watano mbele ya darasa, kila mmoja na kipande cha katoni: upande mmoja mweupe ni taa inayowaka, upande uliopakwa makaa ni taa iliyozimwa. Kutoka kulia thamani zao ni 1, 2, 4, 8 na 16. Washa ya 8 na ya 1: tisa. Washa zote: 31. Mtoto mmoja aliuliza, "Basi simu ni taa tu?" Taa nyingi mno, nilimjibu, zinazowashwa na kuzimwa upesi kuliko jicho.

Hapo hapo tukaingia kwenye kode ya siri ya simu. Tarakimu nne hutoa kode 10,000. Mwizi hahangaiki kuzijaribu; anakuuliza, nawe unampa. Tukacheza: mmoja anaandika kode yake, wenzake wanageuza uso. Anayechungulia anarudi nyuma ya mstari.

Kisha picha. Mkoa huu wa Tanganyika umeona watu wakikimbia vijiji vyao. Picha ya mtoto mbele ya hema, pamoja na jina la kambi, ikizunguka kwenye WhatsApp, inaweza kumfikia hata yule ambaye familia ilimkimbia. Hilo watoto walilielewa kabla sijamaliza sentensi.

Haya yote yafundishwe kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 imezipa lugha zetu za taifa nafasi ya kufundishia. Sheria ya Dijitali ya Machi 2023 ipo, lakini kwa Kifaransa cha wanasheria; nawaomba wenzangu wa kitivo cha sheria tukae pamoja, tutoe humo kurasa chache ambazo mtoto wa darasa la nne ataweza kumsomea mama yake.

Mama yule wa ndagala amebadilisha kode. Nilipopita juzi alikuwa anaiweka mwenyewe, kidole kimoja, polepole, na binti yake amesimama kando, amegeuza uso kuelekea ziwani.