Ukikuta minyoo tumboni mwa samaki



Mama, umenunua samaki kutoka Nchelenge. Umempasua tumbo, ukakuta minyoo myeupe imejikunja. Unataka kumtupa, na watoto wanangoja bukari. Subiri kwanza.

Minyoo hiyo si uchafu wa muuzaji. Ndege wanaokula samaki, kama mnandi, huangusha mayai ya minyoo majini pamoja na mavi yao. Mayai huanguliwa, vidudu vidogo humeza vijiminyoo vinavyotoka, na samaki hula vidudu hivyo.

Kama samaki hajaoza, toa matumbo yote mapema, uyafukie. Osha samaki, kisu na mikono. Kisha mpike mpaka nyama iachane na mfupa. Moto huua minyoo. Jua peke yake halitoshi: hata samaki mkavu, hata chisense, apikwe.

Na mtoto akiwa na minyoo tumboni, usikimbilie kumlaumu samaki. Mara nyingi huitoa kwenye udongo wenye mavi ya watu. Mpeleke kituo cha afya, na sote tutumie choo.

Mle salama.