MWALIMU MGENI NA SISI TULIOMTANGULIA

Hotuba ya mwanachama mmoja wa siku nyingi mbele ya wajumbe wa shule kutoka Migori na Homa Bay. Imeandikwa kama ilivyosemwa.



Nimepewa nafasi niseme juu ya waalimu wapya. Habari za mshahara wao zimesemwa sana katika mikutano hii, na zitasemwa tena. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo halingoji fedha ya Serikali wala mgomo, nalo liko mikononi mwetu sisi tulio humu ndani.

Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa shule moja ambayo sitaitaja. Nilifika Jumatatu asubuhi, sanduku langu lingali limefungwa nyuma ya baiskeli. Mwalimu mkuu akanipa chaki na rejista, akaninyoshea kidole: darasa lako ni lile pale. Nikaingia, nikakuta watoto sabini na zaidi. Juma la tatu nikaulizwa azimio la kazi liko wapi. Chuoni nilifundishwa kuliandika, lakini shule ile ilikuwa na namna yake, na mfano wa namna hiyo ulikuwa ndani ya kabati lililofungwa. Mwenye ufunguo alikuwa akikaa nami meza moja kila siku, tunakunywa chai pamoja. Hakusema neno. Nikaandikiwa barua ya onyo, nayo ninayo hata leo.

Sikuja hapa kulalamika. Nimelitaja jambo hilo kwa sababu baada ya miaka mingi nami nililifanya vile vile, na aliyefanyiwa alikuwa binti mmoja aliyekuja kwetu mwaka 2023.

Ninyi mnaukumbuka mwaka huo. Mwezi wa Januari Gredi ya 7 ilianza, na sekondari msingi, yaani JSS, ikawekwa ndani ya shule zetu za msingi. Waalimu waliopelekwa huko walikuwa wamesomea kufundisha sekondari, kila mmoja na masomo yake mawili. Wakakuta masomo 14, na mahali pengi mwalimu ni mmoja au wawili. Masomo yalipunguzwa yakawa 9 mwaka 2024, lakini mtu mmoja hawezi kuwa mabingwa tisa. Na wengi wao walikuwa wanagenzi, wakilipwa Sh. 20,000 kwa mwezi kabla ya kukatwa.

Basi binti huyu alikuwa mwalimu wa Kemia na Hisabati. Akapewa Hisabati, Sayansi, Kilimo, Dini, na zamu ya juma zima. Darasa lake na langu yametengwa kwa ukuta ambao haukufika juu, nami nilisikia kelele kila siku. Niliingia kumsaidia? Sikuingia. Nilitikisa kichwa nikasema, vijana wa siku hizi. Siku moja katika ofisi ya waalimu akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hapa mtu akikwama humwuliza nani?" Nikamjibu, "Hapa hatumwulizi mtu." Ofisi nzima ikacheka, naye akacheka kidogo. Kabla ya mwaka kwisha aliiacha kazi, na watoto wa Gredi ya 7 wakakaa bila mwalimu wa Hisabati mpaka muhula uliofuata.

Ndugu zangu, jibu lile nimelirudia moyoni mara nyingi.

Tazameni na sisi wa vyama tulivyofanya wakati huo. KNUT wanasema hawa ni wetu kwa sababu wako katika shule za msingi. KUPPET wanasema ni wetu kwa sababu ni waalimu wa sekondari. Tuligombea majina yao na ada zao, wala hakuna aliyeuliza ni nani atakayewaonyesha kazi. Mwaka 2024 waligoma, na Aprili mwaka huo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikatamka kwamba mtindo ule wa kuwaajiri kama wanagenzi haukuwa halali. Januari 2025 waalimu 46,000 wakapata ajira ya kudumu. Huo ni ushindi, nami niliufurahia. Lakini mwezi ule ule wanagenzi wengine 20,000 wakaandikwa kwa mtindo ule ule wa zamani, na baadhi yao wako huku kwetu, kutoka Isebania hadi Kendu Bay. Hao mnakaa nao ofisi moja.

Sasa tuseme wazi kazi yenyewe ni nini, maana watu wengine wakisikia kumlea mwalimu mpya hudhani ni kumpa mawaidha. Mawaidha amekwisha kuyapata chuoni, Asumbi au Migori au chuo kikuu. Anachotaka ni kuonyeshwa. Kaa naye siku moja baada ya vipindi, mwandike pamoja azimio la kazi la majuma mawili. Mwache aingie darasani kwako aone unavyoanza somo, na jinsi unavyomrudisha mtoto aliyekwisha kuchoka saa nane ya mchana. Kisha wewe ingia kwake, ukae nyuma, umwambie mambo mawili tu baadaye, moja alilolifanya vizuri na moja la kutengeneza. Mambo kumi yatamvunja moyo. Mwonyeshe mahali wanapokaa wazee wa kijiji, mwambie mtoto yupi hulala njaa. Kama ametoka mbali na amepewa watoto wadogo, ambao wanatakiwa kufundishwa kwa lugha ya mahali pale, Dholuo au Kikuria, kaa naye umpe maneno ya kwanza ya darasani. Na akicheka mtu kwa matamshi yake, mkanye.

Jambo la fimbo nataka nilikalie kidogo. Sisi wazee tuna tabia ya kumkaribisha mwalimu mpya kwa kumpa fimbo. Tunamwambia watoto wa hapa bila hiyo hawasikii. Ndugu, fimbo ilikatazwa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeifanya kuwa kosa, adhabu yake ni faini isiyozidi Sh. 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mtoto akivunjika mkono, wewe uliyetoa fimbo hutaitwa. Ataitwa yeye, ambaye ajira yake bado haijashika mizizi. Usimpe mwenzako kitu ambacho hutasimama naye siku ya kukijibia.

Vilevile asomewe Waraka wa TSC namba 3 wa mwaka 2010 juu ya kuwalinda wanafunzi. Unasema mwalimu akishuku mwanafunzi anadhulumiwa kwa mambo ya mapenzi, atoe habari mara moja au ndani ya saa 24. Waalimu wengi wapya hawajauona. Kijana anadhani akinyamaza anamhifadhi mwenzake au anaihifadhi shule, kumbe amejiingiza mwenyewe katika kosa. Nani atamwambia hayo kama si sisi?

Nimesikia mnung'uniko pale nyuma. Mnasema, "Nina vipindi vyangu vimejaa, nani atanilipa kwa kazi hii?" Hilo ni neno la haki. Mimi sitaki jambo hili liwe sadaka, kwa sababu sadaka hutolewa mtu akipenda. TSC wenyewe wamekwisha kuweka mpango wa kuwapokea na kuwaelekeza waalimu wapya. Basi mjumbe wa shule amwendee mwalimu mkuu kwa heshima, aombe vipindi viwili kwa juma viandikwe katika ratiba kwa ajili hiyo, kimoja cha mgeni na kimoja cha mwenyeji wake. Lisipoandikwa katika ratiba litakufa juma la pili, hasa mitihani ikikaribia.

Na kuna jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko yote. Mwenyeji huyo asiwe ndiye anayempima katika TPAD. Tangu upimaji ule ulipoanza mwaka 2016, mwalimu mpya anajua kuna mtu anayempa alama. Ukimwambia amwendee mtu huyo huyo aseme, "Darasa limenishinda," hatasema. Atasema mambo yote ni mazuri, na kelele zitaendelea kupita juu ya ukuta. Mtu huonyesha kidonda chake kwa yule asiyeweza kukiandika. Kwa hiyo achaguliwe mwalimu wa kawaida, mwenye subira, hata kama si mwenye cheo.

Tena kumsaidia mtu si kumtuma. Nimeona mahali mwalimu mpya ndiye wa kuleta sukari, wa kusahihisha madaftari ya mwenzake, na wa kushika zamu za wote. Huo ni uboi. Hata sisi tuna cha kupokea kwao: mimi hizo karatasi za TPAD za mtandao nilionyeshwa na kijana wa miaka 25, jioni moja, wala hakunicheka.

Kuna wenzetu wa visiwani, Mfangano, Remba, Ringiti na Takawiri. Huko afisa wa kusaidia mtaala hafiki kila apendapo. Kuna boti, kuna upepo, naye ana shule nyingi. Pengine shule nzima ya JSS ina mwalimu mmoja, na hakuna wa somo lake wa kukaa naye. Kwa hao nashauri mtu wa bara mwenye somo hilo apewe jina lake na namba yake, awe anampigia simu kila Ijumaa. Wavuvi wa omena wanajua jambo hili. Kijana wa usiku wa kwanza ziwani huketishwa karibu na yule anayejua upepo, hapewi chombo aende peke yake.

KNUT iliundwa mwaka 1957, na waalimu walipigania mwajiri mmoja miaka kumi, mpaka TSC ikawekwa mwaka 1967, kwa sababu mwalimu wa misheni na mwalimu wa halmashauri walikuwa na masharti mbalimbali na kila mmoja alikuwa peke yake mbele ya bwana wake. Kijana wa leo hana habari hiyo. Anaona tu jina la chama katika karatasi ya mshahara na fedha iliyokatwa. Akituuliza chama kimemfanyia nini tangu alipofika, nataka awe na mtu wa kumtaja kwa jina.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba kila mjumbe achukue karatasi moja kwa katibu. Upande wa kushoto aandike waalimu waliofika shuleni kwake tangu Januari, upande wa kulia mwenyeji wa kila mmoja, na chini yake vipindi viwili vilivyopatikana. Kama mwalimu mkuu amekataa, aandike amekataa na sababu aliyoitoa. Karatasi zirudi katika mkutano ujao. Yangu nimekwisha kuijaza. Ina majina mawili, na mmoja wao mwenyeji wake ni mimi. Ndugu wa Mfangano wapewe karatasi kwanza, maana wana boti ya jioni.