Habari za Konokono Mkubwa wa Pwani Yetu

Leo twapenda kuwapa habari za mnyama ambaye hapana asiyemjua, wala hapana anayemjali. Watoto humchezea, na wakubwa humruka njiani. Huyo ni konokono mkubwa, mwenye gamba la kahawia lenye michirizi, ambaye mvua ikinyesha usiku, asubuhi twamkuta juu ya migomba na mipapai. Asili yake ni pwani hii ya Afrika ya Mashariki. Lakini leo yuko Bara Hindi, yuko Marekani, yuko katika visiwa vingi vya bahari ya Pasifiki, na kote huko ni adui wa mkulima. Wala hakufika kwa mguu wake, maana anao mmoja tu, nao ni wa polepole. Alichukuliwa na watu.

Kwanza tumjue ukoo wake. Wengi humwita mdudu, lakini si mdudu. Ni wa jamii moja na chaza, ngisi na pweza, wanyama wa mwili laini wasio na mifupa. Wavuvi watacheka tukisema kwamba pweza ni ndugu ya konokono, lakini ndivyo ilivyo. Katika jamii hiyo kubwa, ukoo wake huitwa Akatinidi, na jina hilo limetoka katika jiwe la akiki, kwa ajili ya rangi za magamba yao. Zamani wataalamu waliwapanga konokono kwa kutazama magamba tu. Siku hizi hutazama na viungo vya ndani na vinasaba, na kwa hiyo wamewaingiza katika ukoo huu hata konokono wadogo wembamba, ambao mtu angewadhania ni vipande vya sindano. Huyu wetu jina lake la kitaalamu ni Lissachatina fulica. Ndugu yake wa Afrika ya Magharibi, Achatina achatina, ni kitoweo kinachopendwa sana huko Ghana.

Sasa mtazameni mwili wake. Gamba la mkubwa kabisa hufika sentimita 20, ingawa wengi ni wadogo kuliko hapo. Ana pembe nne: mbili ndefu zenye macho nchani, na mbili fupi za kunusia na kupapasia. Ulimi wake una meno madogo mno yaliyopangwa safu kwa safu kama tupa ya fundi, nao ndio humkwangulia majani. Kwa kuwa gamba lahitaji chokaa, akikosa chokaa katika udongo hupanda kuta na kulamba lipu ya nyumba. Mwalimu akitaka, na amweke mmoja katika chombo cha kioo, ampe jani bichi. Chumba kikiwa kimya, watoto wataweza kumsikia akikwangua. Kiangazi kikizidi, hujifukia, huziba mlango wa gamba kwa ute unaokauka ukawa kama karatasi, akalala miezi mizima hata mvua irudi.

Lakini jambo kubwa ni uzazi wake. Kila konokono wa aina hii ni dume na jike pamoja. Hata hivyo hukutana wawili, na akiisha kukutana na mwenziwe mara moja tu, aweza kuhifadhi mbegu mwilini na kutaga kwa miezi mingi. Kila mtago ni mayai kama 100 mpaka 400. Baada ya wiki moja au mbili huanguliwa, na baada ya miezi sita hivi nao hutaga. Basi mtu amchukuaye konokono mmoja mfukoni huenda amechukua kundi zima.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1847 Mwingereza mmoja, Bwana Benson, mpenzi wa kukusanya konokono, aliwatoa kisiwa cha Mauritius akawapeleka Calcutta, wakaachiwa bustanini, wakaenea. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, katika Florida, na konokono watatu kutoka Hawaii, na bibi yake akawatupa uani. Baada ya miaka saba walihesabiwa kiasi cha 18,000. Serikali ilitumia miaka kama kumi na fedha nyingi kuwamaliza. Walionekana tena Florida mwaka 2011, wakatangazwa kwisha mwaka 2021, na mwaka 2022 wakaonekana mahali pengine.

Hawaii ilifikiwa mwaka 1936, na huko watu walitafuta dawa. Wakasema: kwa nini tusilete konokono alaye konokono? Mmoja walimtoa Kenya, naye jina lake la kitaalamu limetokana na Kibwezi. Alifikishwa Hawaii mwaka 1952. Mwaka 1955 wakaleta mwingine mkali zaidi kutoka Florida, Euglandina, ambaye hufuata njia ya ute wa windo lake kama mbwa afuatavyo harufu. Huyo mwaka 1977 alipelekwa na kisiwa cha Moorea. Lakini yule mkubwa hakumalizika. Mgeni akapanda miti akala konokono wadogo wa kienyeji, Partula, wasiomdhuru mtu, hata katika muda wa miaka kumi hivi wakawa karibu kwisha kabisa msituni mle. Wachache waliookolewa walifugwa katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, na tangu mwaka 2015 wazao wao wanarudishwa katika visiwa vyao.

Kwa mashamba yetu dawa ni ya mkono: kuwaokota usiku au alfajiri baada ya mvua, na kufukua mayai, meupe kwa njano, yaliyofichwa chini kidogo ya udongo. Mwenye kuokota na afunge mkono kwa jani au mfuko, kisha anawe, na mboga zioshwe vizuri, kwa sababu konokono huweza kubeba mnyoo wa panya, ambao ukimwingia mtu huenda hata ubongoni. Na kabla ya kupeleka miche ya migomba wilaya nyingine, tikiseni udongo wa mizizini mkautazame.