Wanaotutibu Nao Wana Haki



Haki ya mgonjwa imeandikwa katika Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, nasi twaifahamu. Leo nataka kusema juu ya wanaotutibu. Muuguzi aliyechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, usiku wa manane, anakimbilia sheria gani?

Sheria ya Viwanda, iliyoanza kutumika chini ya wakoloni mwaka 1951, iliwalenga watu wa viwandani. Mwaka 1990 ilipanuliwa iguse mahali pengine pa kazi, kisha ikaondolewa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Hii haibagui baina ya karakana na zahanati. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sharti iwepo kamati ya usalama, wafanyakazi wakiwa na wajumbe wao. Kliniki ya watu watano haibanwi na sharti hilo, lakini wajibu wa mwajiri wa kuwalinda uko pale pale. Tena mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo mbele yake, hawezi kushurutishwa kurudi pale kabla haijaondolewa.

Turudi kwa sindano. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa kwa siku 28. Kwa upande mwingine, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, yampa mwajiri siku 7 tangu kuarifiwa ili apeleke ripoti kwa Mkurugenzi. Basi anayeficha jeraha kwa kuogopa kufutwa kazi hupoteza dawa na ushahidi kwa pamoja. Ushauri wangu kwa wauguzi ni huu: andika usiku huo huo, utaje saa, wodi na mkuu wa zamu, na nakala ubaki nayo. (Wanasheria tunapenda karatasi, nakiri.)

Sheria ya Afya ya 2017 yampa mhudumu haki ya mazingira salama ya kazi. Yamruhusu pia kukataa kumtibu anayempiga au kumtukana, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mwingine wa kutibu.

Mtasema sheria ni nzuri karatasini. Ni kweli. Madaktari waligoma siku 100, hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013, na viongozi wa chama chao wakatiwa jela. Viongozi wa dini walikuwa miongoni mwa waliopatanisha, nami nawashukuru. Lakini makanisa nayo ni waajiri. Hospitali za misheni zina wauguzi, wafua nguo za wodi na wachoma taka, na sheria hizi zinawahusu wote hao.

Wajumbe wa halmashauri za hospitali mlio humu, mkutano wenu ujao ombeni kuonyeshwa daftari la ajali. Likiwa tupu kwa mwaka mzima, waulizeni wafua nguo ni sindano ngapi wameziokota ndani ya mashuka.