Urefu Peke Yake Hautoshi

(Mazungumzo na wahitimu wa madarasa ya kisomo, Tabora)



Leo tuzungumze habari za kijana wa Kitanzania aliyepata kazi kubwa kwa sababu ya mwili wake. Msiseme kwamba michezo ni mambo ya watoto. Ndani yake mna mkataba, mshahara na elimu. Mambo hayo yanatuhusu sisi wazazi.

Watu wa Tabora tunaielewa kazi ya mwili. Wazee wetu wengi walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, mzigo wa kilo 30 na zaidi begani. Haikuwa kazi ya kubahatisha. Mtoto alianza kujifunza kwa kubeba pembe ndogo. Mtu mzima alipatana ujira kwanza, nguo na posho, ndipo akainua mzigo.

Sasa tumtazame Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa kikapu alianza akiwa na umri wa miaka 15, yaani alichelewa. Lakini alikuwa mrefu sana, akafikia sentimita 221. Katika milango ya nyumba zetu lazima ainame! Alikwenda Marekani, akasoma sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut.

Chuoni hakulipwa mshahara. Sheria za michezo ya vyuo za wakati ule zilikataza. Alichopata ni masomo, chakula, malazi na mwalimu wa mpira mkali, Jim Calhoun. Kwa miaka mitatu alifundishwa mahali pa kusimama, wakati wa kuruka, na namna ya kuzuia mpira bila kumwumiza mwenzake. Mwaka 2008 na tena 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi yao. Katika msimu wake wa mwisho alizuia mipira zaidi ya minne kwa wastani katika kila mchezo. Timu yake ikafika kwenye timu nne za mwisho za vyuo vya Marekani nzima.

Mwezi Juni 2009 timu za kulipwa zilikutana New York kuchagua vijana. Walichaguliwa 60. Thabeet aliitwa wa pili, akachukuliwa na timu ya Memphis. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kubwa kuliko zote za mpira wa kikapu. Lakini chuoni alikuwa amebakiza mwaka mmoja.

Je, habari imekwisha? Hata kidogo. Februari 2010 aliteremshwa kwenda timu ndogo ya Dakota akajifunze zaidi. Kabla yake hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile akateremshwa. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, na mwaka 2012 Portland. Katika kazi ile timu inaweza kumhamishia mwenzake mkataba wa mchezaji, naye akafunga mzigo akaenda. Baadaye alicheza Oklahoma City, kisha Japani na Taiwan.

Wapo wanaomcheka kwa kuteremshwa. Mimi simcheki. Mtu aliyeshushwa, akajifunza, akaendelea kuishi kwa kazi yake miaka mingi, huyo ni mfanyakazi. Ila tujifunze jambo moja. Urefu ulimfungulia mlango, lakini mle ndani alikuta kila mtu ni mrefu. Kilichobaki kuwatofautisha ni mafunzo.

Tena nguvu za mwili zina mwisho. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari za wapagazi kwenda pwani zilikwisha. Mwenye bega tu alibaki na bega lake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtoto wako akiwa na mbio au urefu, mwache acheze. Lakini asiache shule. Na siku mgeni akibisha hodi na karatasi, akisema anamtaka mtoto kwa ajili ya mpira, usishikwe na furaha ukasahau kuuliza. Nani atalipwa? Kiasi gani? Kwa miaka mingapi? Akivunjika mguu, nani atamtibu?

Zamani ungebandika kidole gumba tu. Sasa unajua kusoma. Basi isome karatasi ile yote, mpaka mstari wa mwisho, ndipo utie sahihi.